Mate ya Kira Fotini

Nilipokuwa mtoto hakuna mtu aliyewahi kunitemea mate, na jambo hilo liliniuma kuliko kipigo chochote nilichowahi kupata. Najua utashangaa. Kwa wengine kutemewa mate ni tusi. Lakini mimi nimekulia Githio, mji wa bandari kule kusini kabisa mwa Ugiriki, na pale bibi kizee akikutemea mate maana yake umependeza mpaka anaogopa macho ya watu yasije yakakudhuru. Anasema ftu, ftu, ftu, tone lenyewe halifiki hata moja, na wewe unaondoka umekingwa. Mdogo wangu Salimu alikuwa anatemewa kutwa. Mimi nilikuwa nasimama pembeni yake, mkavu.

Kwanza niseme tulifikaje huko. Baba yangu, Mzee Mbwana, alikuwa mtu wa Tanga na mpishi wa meli. Hakuna bahari ambayo hakupita, na kuna nahodha aliyekataa kung'oa nanga mpaka Baba apande na masufuria yake. Meli moja ya Kigiriki ikamshusha Githio akiwa amevunjika mguu, wakaahidi watamrudia. Hawakurudi. Akapata kazi kwenye hoteli ya pale bandarini, kazi ya kupiga pweza. Kule pweza anagongwa juu ya jiwe mpaka alainike, kisha anaanikwa kwenye kamba kama nguo. Wagiriki watakwambia wameanza kazi hiyo tangu enzi za mababu wa mababu zao. Mimi nakwambia kabla ya Baba, pweza wa Githio alikuwa hatafuniki. Mama yetu, Bi Mwanaidi, alimfuata baadaye, mimi nikiwa mgongoni na Salimu akiwa tumboni.

Tulipanga vyumba vya juu kwa Kira Fotini. Kira ni kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mjane, kavaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka soksi, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya ghuba akasikia. Siku ya kwanza kumwona Salimu, mtoto wa kunyonya bado, ana macho haya na kope hizi, Kira Fotini alimwinamia pale kwenye ngazi akamtemea. Mama alikuwa bado hajajua hata kusema asante kwa Kigiriki. Alishuka na mwiko mkononi. Baba akaruka ngazi na mguu wake mbovu kwenda kuamulia.

"Mwanaidi, hamtukani. Anamkinga."

"Anamkinga kwa mate?"

"Na wewe huo wanja uliompaka kwenye paji la uso, umempaka apendeze?"

Mama akatazama wanja usoni kwa mwanawe, akatazama midomo ya yule mama wa Kigiriki, mwiko ukashuka wenyewe. Kwao Pangani mtoto mzuri hupakwa wanja ovyo ili aonekane kichekesho, husuda impite. Akaona kumbe dawa ni ileile, chupa tu tofauti. Kuanzia hapo wakawa marafiki wa kushibana. Kutwa wako jikoni kwa Kira Fotini, hawaelewani lugha, wanaelewana kila kitu. Na kazi yao kubwa ilikuwa kumlinda Salimu. Mmoja na wanja, mmoja na mate.

"Na mimi?" nilimuuliza Mama siku moja.

"Wewe nani atakuonea kijicho, Athumani? Hebu nipe hiyo ndoo."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliuma. Nilikuwa mtoto wa masikio makubwa, sikatai, na meno yangu yalikuwa yanaota kila moja na njia yake. Lakini nilikuwa na mbio kuliko mtoto yeyote wa Githio, na nguvu, na nilikuwa napiga mbizi mpaka samaki wananizoea. Hayo hakuna aliyeyatemea mate.

Sasa ili uelewe kilichotokea, lazima nikuoneshe mji ulivyokaa. Githio imeegemea mlima unaoitwa Kumaro, na nyumba zimepanda mlimani moja juu ya kichwa cha nyingine, kama viti vya uwanja wa mpira. Zote zinatazama baharini, kule jua linakotokea. Ukisimama bandarini, mbali kushoto kuna ufuko mrefu na meli ya chuma iliyopanda mchangani ikaachwa ioze kwa kutu. Kulia, mwisho wa mji, kuna kisiwa kidogo cha misonobari na mnara mweupe wa taa. Wenyeji wanakiita Marathonisi. Kisiwa hicho kimeunganishwa na mji kwa njia nyembamba ya mawe na saruji. Upande mmoja wa njia kuna maji ya bandari, yametulia kama yamo kwenye bakuli. Upande wa pili ni ghuba yenyewe, na upepo wa kusini ukivuma mawimbi yanaruka juu, mawe yanaota utelezi wa kijani.

Njia hiyo ndiyo ilikuwa uwanja wa mpira. Mtu akitia mguu pale, kila roshani ya Githio inamwona. Wachumba walikuwa wanakwenda kujionesha pale. Wanasema zamani za kale mke wa mfalme alitoroshwa na kijana mgeni, wakalala usiku wao wa kwanza kwenye kisiwa hicho hicho, na mume akapeleka vita miaka kumi kwa ajili ya wivu. Mimi shule niliiona dirishani tu. Lakini somo hilo sikuhitaji mwalimu.

Basi akatokea Barba Yanis. Huyu alikuwa na duka la kamba na rangi za mashua, mzee mnene, hana mtoto. Barba maana yake mjomba, na watoto wote walimwita hivyo. Siku moja, Salimu akiwa ameshakua kiasi cha kuendesha, akaja na baiskeli nyekundu. Si nyekundu ya kawaida, nyekundu ya kuumiza macho, yenye kengele. Akaiweka mbele ya ngazi yetu.

"Hii ya huyu mzuri," akasema, akamshika Salimu kidevu. Kisha akaniona. Wao jina Athumani liliwashinda, walikuwa wananiita Thanasi. "Na Thanasi atasukuma."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Hicho kicheko ninacho mpaka leo, hakijashuka tumboni.

Kira Fotini hakucheka. Aliizunguka ile baiskeli kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. "Msivuke nayo kwenda kisiwani kabla sijaifunga ushanga wa bluu," akasema. "Ushanga wenye jicho. Nitaununua kesho. Mnanisikia? Pale mnatazamwa na mji mzima, na huyu mtoto tayari anatazamwa vya kutosha."

Salimu hakungoja kesho. Na mimi nilikuwa mtu wa kusukuma, sikuwa mtu wa kukataza.

Tulitoka baada ya chakula cha mchana, Jumapili, roshani zimejaa watu. Upepo ulikuwa wa kusini. Mwanzo wa njia nilimsukuma, akapata mwendo, akaniacha. Shati lake jeupe lilituna mgongoni, kengele inalia, na yeye anacheka bila kugeuka. Mimi nakimbia nyuma. Nakwambia ningeweza kumpita. Sikutaka tu.

Katikati nikasimama nikageuka kutazama mji, nione ni nani anatuona. Nikamwona Mama. Alikuwa kwenye roshani yetu, nguo mbichi zimemning'inia begani, amesahau kuzianika. Mkono ameuweka mdomoni hivi, kama mtu anayezuia kitu kisitoke, na hata kwa mbali kule nilijua anatabasamu. Sijawahi kumwona na uso ule. Nikanyanyua mikono yote miwili nikampungia. Nikaruka juu nikimpungia.

Nyuma yangu kengele ikanyamaza.

Gurudumu lilikuta utelezi pale wimbi linaporukia. Salimu aligonga kichwa kwenye jiwe akaingia baharini upande wa ghuba, na baiskeli juu yake. Nikajitupa. Watu wa Githio watakwambia pale maji ni ya kiuno. Mimi niliyeingia mle nakwambia hayakuwa na mwisho. Nilimkamata kwa lile shati, wimbi likinivuta huku, mimi nikimvuta kule, mpaka wanaume wa hotelini wakaja kutupokea.

Walimlaza juu ya meza ya hoteli. Wanawake wakamzunguka, wote wanatema. Ftu, ftu, ftu kila upande. Alitemewa mate mengi kuliko maji aliyokunywa. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya kamba ya pweza, nimelowa, natetemeka, goti linatoka damu. Mama alinipita mbio kwenda mezani. Nilikuwa nimemtoa mtu baharini kwa mikono yangu, na bado nilikuwa mtoto pekee ambaye hakutemewa siku hiyo.

Jeraha la kichwa lilikuwa dogo. Homa ndiyo iliyotutisha. Daktari alikuja, akapima, akaacha dawa, akarudi, akabadilisha dawa. Salimu hali, hanywi, anafumbua macho bila kumtambua mtu. Mama akawa anamsomea sura za kinga, zile za Kulaudhu, mpaka sauti ikamkauka. Mara ya mwisho daktari alizungumza na Baba nje ya mlango, na Baba aliporudi ndani akakaa sakafuni. Baba hakuwa mtu wa kukaa sakafuni.

Ndipo Kira Fotini akapanda na sahani ya maji na kichupa cha mafuta ya zeituni. Akadondosha tone. Kwa kawaida mafuta hukaa juu ya maji, duara, kila mtu anajua. Yale yalitawanyika yakapotea. Akadondosha jingine, likapotea. Akaanza kupiga miayo, miayo ya kumtoa machozi, na kwao mganga akipiga miayo ni kwamba mgonjwa kweli amepigwa na jicho.

"Sasa tumtafute mwenyewe," akasema. "Mna karafuu?"

Mama akafungua kopo lake la viungo. Karafuu zile zilitoka kwa bibi yetu Tanga, karafuu za Pemba, ukifungua kopo nyumba nzima inaamka. Kira Fotini akanusa akatikisa kichwa kwa heshima. Njia yake ni hii: unachoma karafuu moja kwenye ncha ya sindano, unaishika kwenye moto wa mshumaa, unataja jina la mtu. Ikiungua kimya, si yeye. Ikipasuka kwa mlio, umempata. Na ukishampata, dawa ni yeye mwenyewe aje ateme.

Alianza na mwalimu wa shule, kwa sababu alikuwa na macho ya bluu, na Githio mtu wa macho ya bluu hushukiwa kwanza. Kimya. Mke wa mwoka mikate. Kimya. Barba Yanis, aliyetoa baiskeli. Baba aliinua uso, lakini karafuu ikaungua taratibu mpaka ikawa jivu.

Halafu Kira Fotini akanitazama. Baba akanitazama. Nilikuwa kwenye kona, nyuma ya mlango, na wote tulijua. Nani mwingine alikuwa na sababu kuliko mimi?

Nitakwambia kitu ambacho wengi hawatakielewa. Niliogopa, ndiyo. Lakini moyo wangu ulikuwa unadunda kwa jambo jingine pia. Nilitaka ilie. Ikilia, basi mimi ni mtu. Nina jicho la kuangusha baiskeli, jicho la kutisha mji. Wangenikimbia njiani, na nikitema mate mimi, Salimu angepona.

"Thanasi," akasema Kira Fotini, akaipeleka kwenye moto.

Iliungua kimya.

"Hilo si jina langu," nikasema. "Taja Athumani."

"Athumani, mwanangu," akasema Baba.

"Ataje."

Kira Fotini akachukua nyingine, akataja, kwa shida, herufi zinamgongana mdomoni. Ile karafuu iliungua pole pole kama ubani. Hata moshi wake ulikuwa mdogo. Nikatazama sakafuni. Nilikuwa na wivu wa kujaza ghuba nzima, na ulikuwa haujamdhuru hata inzi.

Kira Fotini akachagua nyingine kwenye kopo. Akafikiri. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Mwanaidi," akasema kwa upole, akaishika motoni.

Ilipasuka ikamrukia mkononi. Mshumaa ukayumba.

Mama akasema, "Mimi? Mimi mama yake?"

"Wewe," Kira Fotini akajibu, na alikuwa karibu kucheka. "Hii si ya chuki, msijifanye hamjui. Ulimtazama pale njiani, ukapendezwa mpaka ukasahau kutema. Haya, mtemee sasa."

Mama akaanguka juu ya Salimu, akatema, akalia, akatema tena. Tone la mafuta lililofuata lilikaa juu ya maji, duara, linang'aa kama sarafu mpya. Kabla ya alasiri Salimu aliomba supu. Daktari alisema ni zile dawa zake za mwisho. Mwache aseme, na yeye ana kazi yake.

Wote walishangilia. Mimi nilikaa na kitu kimoja tu kichwani: ule uso wa roshani. Nilingoja mpaka Mama alipobaki peke yake anaosha ile sahani.

"Mama, siku ile pale kwenye njia, uliniona nikikupungia?"

Akafikiri kwa kweli. Alitaka kunipa jibu zuri. "Ulikuwa wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojua wivu ni nini. Kumbe baiskeli haikuwa chochote. Mdogo wangu alipendwa mpaka akaugua. Mimi sikuwahi kupata hata mafua kwa ajili ya macho ya mama yangu.

Miaka imepita. Baba amezikwa huko, na Kira Fotini amezikwa huko, juu kidogo mlimani, nadhani bado anatazama nani anavuka kwenda kisiwani. Kazi zilipokauka Ugiriki tulihamia huku Birmingham, na huku nako Salimu akatemewa, safari hii na bahati. Ana nyumba mtaa wa Moseley, zile za matofali mekundu za zamani, dari ziko mbinguni, na Mama anaishi kwake, ana chumba chenye dirisha la duara. Mimi nipo Acocks Green, juu ya duka la kufulia nguo. Sina shida. Nina meza ya samaki sokoni katikati ya mji, na mtu akitaka pweza mji huu wote anatumwa kwangu. Wazanzibari wanakuja, Wareno wanakuja, manesi wa Kikenya wa bara ambao kwao hata pweza hawali wanakuja kunitazama tu ninavyomgonga. Wapo wanaosafiri na treni kutoka miji mingine. Salimu hajawahi kufika. Anasema kuegesha gari pale ni taabu.

Mama naye hakuwahi kufika, mpaka juzi hapa. Alikuja na Zena, binti wa Salimu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na anajibu Kiingereza chote. Mimi sikujua kama wapo. Nilikuwa na foleni, pweza mkubwa mkononi, nampiga kwenye jiwe kama alivyonifundisha Baba, huku nawatania wateja kwa lugha tano, nyingine sizijui. Nikainua macho. Nyuma ya watu alikuwa amesimama bibi mdogo mwenye mtandio, kapu limemning'inia begani amelisahau. Mkono ameuweka mdomoni, hivi.

Pweza akanitoka mkononi.

"Bibi, come on, it stinks," Zena alikuwa anasema, anamvuta. Mama hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi. Niligeuka kuangalia kama Salimu yuko nyuma yangu. Kulikuwa na ukuta.

Kabla sijafunga meza kichwa kilianza kuuma. Si kichwa cha kawaida, kichwa cha kupigwa teke na farasi. Nilifika nyumbani napiga miayo mpaka taya zinalia. Mke wangu akaniletea panadoli, nikaiacha kwenye sahani. Simu ikalia, alikuwa Mama.

"Athumani. Kichwa hakikuumi?"

"Kinanipasuka."

"Nilikuangalia pale," akasema. "Nikasahau kutema."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Unanisikia? Njoo nikutemee mwanangu, kabla jua halijazama. Utaugua bure."

"Nitakuja kesho, Mama."

"Njoo leo."

"Kesho, Mama."

Kisha nikampigia Salimu. Nilikuwa na haki ya kumpigia. Nikamwambia kichwa kinaniuma, na kimetoka wapi. Akasema meza panadoli. Nikamwambia hiki si cha panadoli, muulize Mama.  Nikasikia anavyopumua puani, polepole, kama mtu anayebeba kitu asichotaka kionekane. Ana nyumba Moseley na dirisha la duara, lakini pumzi ile naijua. Nimepumua hivyo miaka arobaini na zaidi.

Sijui kama mafuta yanajua kitu, wala karafuu. Watu waliosoma watasema ni baridi ya sokoni. Najua tu kwamba kesho nitapanda basi kwenda Moseley, nitainama mbele ya mama yangu na mvi zangu hizi, na atanitemea, na kitapona. Ndiyo maana leo sikwenda. Nimekaa kwenye kiti changu, kichwa kinapiga kama kengele, na sitaki mtu aniguse.